Je, Wajua? Ruta Inayopiga Hodi Bila Kufunguliwa

Jumapili saa nne asubuhi hapa Silver Spring, Tanga ni saa kumi na moja jioni, na Mama ameshika simu anasubiri. Sura inatokea, inacheka, kisha inaganda mdomo wazi. "Mwanangu, umepotea!" Sauti imefika, picha imekataa. Wengi wetu huku, kuanzia Hyattsville mpaka Alexandria, dawa tunayoijua ni moja: kuipigia kampuni ya intaneti na kuongeza kifurushi. Safu ya leo inakuomba usubiri kidogo kabla hujatoa kadi ya benki, kwa sababu mara nyingi kifurushi unacho tele ila hewa ya kukisafirishia mle nyumbani ndiyo imejaa. Na hewa hiyo, ukitaka kujua, iligawiwa hapahapa mjini.

Je, wajua kwamba Wi-Fi ilipata ruhusa yake Washington? Tarehe 9 Mei 1985, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ambayo siku hizo ilikuwa M Street namba 1919, ilifungua masafa ya megahezi 900, gigahezi 2.4 na gigahezi 5.8 yatumike kwa mawasiliano bila leseni, mradi kifaa kisizidi wati 1. Mhandisi aliyelisukuma jambo hilo ndani ya Tume ni Michael Marcus. Masafa yenyewe wataalamu waliyaita ya takataka, maana yalikuwa yameachiwa mashine za kupasha moto vitu. Hayo ndiyo tunayochezea mpira wetu mpaka leo: kiwanja cha kijiji, hakina hati, hakina mlinzi, na jirani akija na ngoma yake huna pa kumshtaki.

Huamini? Igeuze ruta yako usome maandishi madogo ya chini, au fungua kijitabu chake. Utakuta sharti la FCC kwamba kifaa hiki lazima kikubali kuingiliwa na vingine. Lazima kikubali! Umenunua kwa pesa yako kitu kilichoapishwa kuvumilia.

Jaribio la kwanza kabla ya yote: chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa waya, upime kasi. Waya ukikimbia na Wi-Fi ikisuasua, kampuni haina kosa. Tatizo liko kati ya kuta zako. Waya nao ukisuasua, basi zima modemu, subiri dakika moja, washa, pima tena, kisha ndiyo upige simu. Dakika 5 hizi zimewahi kuniokolea saa 2 za muziki wa kusubirishwa.

Wajua megabiti si megabaiti? Kampuni inauza megabiti. Kompyuta inapopakua faili huhesabu megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kifurushi cha 100 kikishusha 12.5 kwa sekunde, hujaibiwa kitu.

Na nani alitangulia kiwanjani? Maikrowevu. Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aligundua upishi huo mwaka 1945, na mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 ukatenga masafa kwa ajili ya mashine za aina hiyo. Tanuri la jikoni kwako hupika kwa gigahezi 2.45, katikati kabisa ya mkondo wa Wi-Fi ya 2.4. Nguvu yake hufika wati 1,000, ruta haivuki 1. Hata kile kidogo kinachovuja mlangoni, kisichomdhuru mtu, kwa ruta ni kelele ya harusi. Umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde, na maikrowevu za kawaida hutoa mawimbi nusu tu ya kila mzunguko, kwa hiyo Wi-Fi hupenyeza maneno yake katika vile vipande vya kimya. Ndiyo maana simu ya video haikatiki moja kwa moja mtu anapopasha wali, inadonoadonoa. Hamia gigahezi 5 na jiko halitakuhusu tena.

Je, wajua kwamba Wi-Fi ina adabu kuliko dereva wa Beltway? Kabla ya kusema, kila kifaa husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anaongea, kinanyamaza, kinasubiri kwa muda wa bahati nasibu, kinasikiliza tena, ndipo kinasema. Ni hodi ya kweli. Babu wa mtindo huu ni mtandao wa redio wa ALOHAnet uliowashwa na Norman Abramson na wenzake Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1971. Ule wenyewe haukusikiliza kwanza. Ulibwata, na ukigongana na mwingine ulisubiri kidogo ukabwata tena. Kusikiliza kulikuja baadaye.

Sasa fikiria jengo la fleti pale Langley Park, kila mlango na ruta yake. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu uhesabu majina: 20, 30. Wote hao wanapiga hodi kwenye mlango mmoja. Saa 2 usiku, watoto wamerudi, runinga zimewashwa, adabu hiyo hiyo inageuka foleni. Kifurushi chako cha 500 kimesimama uani kikisubiri zamu.

Hapa kuna kosa ambalo watu wajanja hasa ndio hulifanya. Katika gigahezi 2.4 Marekani ina chaneli 11, lakini ni 3 tu zisizopandana: 1, 6 na 11. Mjanja anaona majirani wamejaa kwenye 1 na 6, anasema, aa, mimi nitakaa 3, kimya. Ameharibu. Wanaokaa chaneli moja husikiana na kupeana zamu. Anayekaa katikati hasikilizwi na upande wowote, yeye kwao ni kelele, nao kwake ni kelele, na wote watatu wanaumia. Chagua 1, 6 au 11, hata kama una wenzako humo.

Kule nyumbani Afrika Mashariki chaneli hufika 13. Ukibeba ruta kutoka Dar es Salaam ukaiacha kwenye 12 au 13, simu iliyonunuliwa Marekani huenda isiione kabisa, ukadhani imekufa njiani.

Wajua simu yako ndiyo yenye sauti ndogo? Watu hununua ruta yenye antena 8 kama buibui wakitarajia miujiza. Ruta inapaza sauti, simu inasikia vizuri, mistari yote mitatu imejaa. Lakini mazungumzo ni ya wawili, na simu yenye betri ndogo hunong'ona. Mistari mitatu maana yake ni kwamba wewe unamsikia ruta. Hakuna aliyekuahidi kwamba ruta anakusikia.

Wajua kifaa kimoja cha kale kinaweza kuchelewesha nyumba nzima? Kipimo cha kwanza cha Wi-Fi, cha mwaka 1997, kilikuwa megabiti 2 kwa sekunde. Cha 1999 kilifika 11. Ile printa ya zamani uliyopewa na rafiki aliyehama bado inazungumza kwa mwendo wa enzi zake, na zamu ikimfikia, sentensi moja yake inachukua muda ambao simu mpya ingesema aya nzima. Wote wanamsubiri mzee amalize. Mpe mzee waya.

Mto Potomac una hadithi yake katika mambo haya. Septemba 1922, Hoyt Taylor na Leo Young wa maabara ya redio ya Jeshi la Wanamaji walikuwa wakirusha mawimbi kutoka Anacostia na kuyapokea ng'ambo, Hains Point, pale ambapo sasa watu huenda kuchoma nyama na kutazama ndege zikitua. Meli iitwayo Dorchester ikapita mtoni. Mawimbi yakapanda, yakashuka, yakapanda. Wakaelewa kwamba kitu kikubwa kikipita kati ya mtumaji na mpokeaji huacha alama, na kwamba alama hiyo inaweza kumfichua adui gizani. Hiyo ni mbegu ya rada ya Marekani, ingawa wakubwa hawakuichangamkia wakati ule. Nyumbani kwako Dorchester ni friji. Mimi niliwahi kuweka ruta nyuma ya friji, kwa sababu ndipo tundu la waya lilipokuwa, nikalalamika miezi 4.

Friji ni chuma, na chuma hurudisha mawimbi. Kioo kikubwa cha kujitazamia vilevile, maana nyuma yake kuna utando wa madini. Tangi la samaki humeza, kwa kuwa maji hunywa gigahezi 2.4 kama ardhi ya kiangazi. Na nyumba za zamani za matofali za Washington, zile zilizobanana ukuta kwa ukuta Columbia Heights na Petworth, baadhi zina plasta iliyopakwa juu ya wavu wa chuma. Ukuta wa namna hiyo ni chujio la nazi: tui kidogo linapita, machicha yote yanabaki. Wengi husukumia ruta kwenye besimenti, karibu na mahali kebo inapoingilia, halafu hushangaa chumba cha juu kabisa hakipati kitu.

Watu wengi huishi kwa mashaka wakihofia mawimbi haya, nao wenyewe ni sehemu ya tatizo: mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na sebule yenye wageni 15 wa sherehe ya kuhitimu ina Wi-Fi dhaifu kuliko sebule ile ile asubuhi yake.

Wajua antena hairushi mawimbi kwa kilele chake? Hayatoki juu kama moshi wa bomba. Yanazunguka ubavuni, umbo la ngata, ile ya kitambaa ya kubebea mtungi kichwani, na antena imesimama katikati ya tundu. Juu na chini yake kuna kidogo sana. Ukiishi fleti ya ghorofa moja, zisimamishe zote. Ukiishi nyumba ya ghorofa 3 kama zile za Gaithersburg na Germantown, ilaze moja ili ngata yake isimame wima, ipande ngazi.

Na kabla hujanunua chochote, isogeze ruta kwa upana wa kiganja. Si utani. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, nalo likigonga kuta na kurudi hujenga vilima na mabonde hewani. Simu yako inaweza kuwa imelala bondeni, na kilima kiko sentimita 3 hivi pembeni.

Simu nyingi na kompyuta huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: -50 ni nzuri, -70 ni ya kusuasua, -80 ni ya kukata tamaa. Namba hizo ni desibeli, na "beli" ndani yake ni heshima kwa Alexander Graham Bell, aliyeishi Washington miaka mingi. Kila ukishuka 3, nguvu inakatika nusu. Ukishuka 10, inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -50 ya sebuleni mpaka -80 ya chumba cha kulala, umepoteza sehemu 999 katika 1,000. Mawimbi ya ndani ya kebo pia huhesabiwa hivyo: kile kigawanyio cha kebo kilichoachwa na mpangaji aliyepita, chenye matundu 2, hukata zaidi ya nusu hata kama tundu la pili halina kitu. Kama hutumii runinga ya kebo, king'oe.

Bell huyohuyo aliwahi kupiga simu bila waya hapa mjini. Mwaka 1880, msaidizi wake Charles Sumner Tainter alisimama juu ya Shule ya Franklin, kona ya 13th na K, akasema maneno yaliyobebwa na mwanga wa jua mpaka dirishani kwa Bell, L Street namba 1325, umbali wa mita 213. Bell alikiita chombo hicho fotofoni, akakithamini kuliko hata simu. Wingu likipita, mazungumzo yanakatika. Jengo la shule bado lipo. Tangu 2020 ni jumba la makumbusho ya lugha, Planet Word. Ukiingia, jiulize kama Wi-Fi ya nyumbani kwako inafika mita 213.

Je, wajua rada ya mvua inaweza kuifukuza ruta yako? Hili ni la hapa hasa. Sehemu ya masafa ya gigahezi 5 ni mali ya rada, na ruta hukaa humo kama mgeni. Eneo letu lina rada 4 za kuchunguza pepo hatari karibu na viwanja vya ndege: ya Reagan National, ya Dulles, ya Baltimore na ya Andrews. Sheria inasema ruta itakayotumia chaneli hizo isikilize kwanza sekunde 60, na ikihisi mapigo ya rada iondoke ndani ya sekunde 10, isirudi kwa nusu saa. Ukiona Wi-Fi ya 5 inatoweka ghafla kisha inarudi kwenye chaneli nyingine, na unakaa njia ya ndege, usiilaani. Ingia kwenye mipangilio uchague 36 hadi 48, au 149 na kuendelea, huko hakuna rada.

Lakini kiwanja kimepanuliwa. Tarehe 23 Aprili 2020 FCC hiyohiyo ilifungua megahezi 1,200 katika gigahezi 6, bila leseni. Kwa jengo lililojaa huu ndio ukarabati wa maana kuliko kifurushi, kwa sharti moja: ruta na simu zote ziwe za Wi-Fi 6E au baada yake. Mawimbi hayo hayapendi kuta, na kwa mwenye fleti hiyo ni neema, kwa kuwa ya jirani hayamfikii.

Wajua Wi-Fi si kifupisho cha chochote? Ni jina lililotungwa mwaka 1999 na kampuni ya kubuni majina, Interbrand, likifanana kwa sauti na "hi-fi" ya redio za zamani.

Diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na antena hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4. Isogeze.

Wajua mcheza sinema Hedy Lamarr, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza Agosti 1942 kwa wazo la kurukaruka kati ya masafa ili torpedo isiingiliwe? Wazo la kurukaruka ndilo linaloendesha Bluetooth ya spika yako, na lilikuwamo kwenye Wi-Fi ya kwanza ya 1997. Wi-Fi ya leo imeshaliacha. Lamarr aliingizwa kwenye Ukumbi wa Wavumbuzi wa Marekani mwaka 2014. Makumbusho ya ukumbi huo yako Alexandria, kwenye ofisi ya hataza.

Hapa karibu, Ashburn katika Kaunti ya Loudoun, pamekusanyika vituo vya data vingi kuliko karibu popote duniani. Kabla yake, miaka ya 1990, mitandao ya dunia ilikutana MAE-East, na kwa muda mashine zake zilikuwa kwenye gereji ya magari ya chini ya ardhi, Tysons Corner. Wakazi hupenda kujigamba kwamba asilimia 70 ya intaneti yote ya dunia inapita Ashburn. Namba hiyo inarudiwa sana kuliko inavyothibitishwa. La hakika ni kwamba kutoka nyumbani kwako mpaka huko ni milisekunde chache. Data inatoka Ashburn mbio, inafika kwenye modemu, inakutana na friji.

Kama Mama anakuona vizuri asubuhi lakini unaganda saa nyingine, tazama upande wa kupakia. Intaneti nyingi za kebo hukupa kasi kubwa ya kupakua na ndogo sana ya kupakia, na simu ya mtoto inayotuma video za mpira kwenye hifadhi ya mtandaoni hujaza uchochoro huo. Sura yako inakaa foleni nyuma ya mabao. FCC ilipopandisha kipimo cha intaneti ya kasi mwezi Machi 2024, iliandika 100 ya kupakua na 20 ya kupakia. Namba ya pili ndiyo ya kutazama. Tangu 10 Aprili 2024 kampuni kubwa zinatakiwa zionyeshe lebo, mfano wa ile ya pakiti ya unga, yenye bei, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na ucheleweshaji. Iulizie. Na tangu Desemba 2020 sheria inawakataza kukutoza kodi ya ruta uliyonunua mwenyewe, soma bili.

Kuna kuganda kusikoponywa na lolote hapa. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kutoka Washington mpaka pwani yetu ni zaidi ya kilomita 12,000 hata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 120. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti ya Tanzania ikaporomoka. Siku hiyo niliwasha na kuzima ruta mpaka jirani akaniuliza kama nina mgonjwa.

La mwisho. Wajua kwamba mwendo wa saa 4 kwa gari kutoka hapa, milimani West Virginia, hewa imewekwa tupu kwa sheria? Ni Green Bank, kwenye darubini kubwa ya redio. Ukanda wa kimya uliotengwa mwaka 1958 una maili za mraba 13,000, na sheria ya jimbo ya 1956 inabana vifaa vya umeme vinavyopiga kelele ndani ya maili 10 za darubini. Kwa miongo mingi watumishi walizunguka na gari la antena wakitafuta ruta na maikrowevu zilizojificha. Mgeni anayetaka kuikaribia darubini huacha gari lake la petroli, kwa sababu cheche za plagi nazo husikika, akapanda basi la dizeli. Kamera ya dijitali huiacha pia. Ya filamu inaruhusiwa.